Mrija

Milioni thelathini na nane.
Baba alizivuta kwa pua miaka ishirini na sita
katika vumbi la saruji, hapa Tororo.
Wanaiita kiinua mgongo.
Mgongo wenyewe ulikuwa umeshalala
zilipomfikia mama, ndani ya bahasha
nyepesi kuliko kofia ya kazi ya baba.

Wiki hiyohiyo ndugu wakakumbuka njia ya kwetu.

Obbo, binamu yangu, viatu vyenye ncha,
alilaza simu mbili mezani:
"Shangazi, nipe kumi tu. Dola inapanda,
dola inashuka, sisi tunakula katikati."
Mama akauliza, "Na ikikataa kushuka?"
Obbo akacheka. Akaomba chai nyingine.

Kijana wa benki alikuja na kitabu cha picha,
bima ya miaka kumi na tano.
Mama ana sabini na moja.
Nikamwuliza: ukituuzia hii, wewe unapata nini?
Kalamu ikamponyoka. Akainama kuitafuta,
akakaa huko chini ya meza muda mrefu.

Wa tatu simtaji,
maana alikiombea chakula chetu
kabla ya kutaja asilimia.

Mimi ni muuguzi. Dawa ya kweli na dawa ya chaki
nazitambua kwa ulimi.
Hii nyingine sikujua niionje vipi.
Nikaanza kuuliza, kwa mwenye duka la mbolea,
kwa mwalimu mstaafu, kwa fundi cherehani wa stesheni:
nani aliwahi kukukataza jambo la fedha,
ukanuna, kisha ukashukuru?
Wengi walikosa jina.
Fundi alijibu bila kuinua macho kwenye pindo:
"Asekenye. Aliniambia nisikope."

Tulimkuta uani, mwamba ukimtazama kisogoni,
anapepeta ulezi.
Zamani mkaguzi wa hesabu za vyama vya ushirika;
alishampeleka mwenyekiti mmoja mahakamani,
naye mwenyekiti alikuwa shemeji yake.
Bei ndiyo iliyotangulia salamu:
"Elfu themanini. Mkinifuata, elfu themanini.
Mkinipuuza, elfu themanini. Risiti naandika."

Kisha akamgeukia mama:
"Umewahi kukaa kwenye chungu cha malwa?"
"Nilikuwa mpishi," mama akasema, akijinyoosha.
"Basi unajua. Mwenye mrija chunguni
hatakuambia imetosha.
Atakuambia: tamu hii, ongeza maji ya moto.
Mimi humu sina mrija.
Ndiyo maana nalipwa mlangoni."

Akauliza ambayo hakuna aliyeuliza.
Dawa za presha, shilingi ngapi kwa mwezi?
Paa linavuja upande gani?
Ada ya Apio imebaki mihula mingapi?
Na shangazi Nyafwono, kile kiwanja anacholima,
karatasi iko kwa jina la nani?
Tukatazamana. Shangazi akatazama kuku.

Kuhusu hati fungani za serikali alisema, "Sijui vya kutosha,"
akatuandikia jina la mtu wa Mbale,
na chini yake, kwa wino uleule:
naye mwulizeni anayemlipa ni nani.
Neno lake la mwisho lilikuwa: miezi mitatu msiguse kitu.
Ezekeni paa tu.

Elfu themanini za kuambiwa tukae!
Nilihesabu noti kwa uchungu, sifichi.

Jioni Obbo akapiga. Mama akamsikiliza mpaka mwisho,
dola ikapanda, dola ikashuka.
"Mwanangu," akasema taratibu,
"mrija wako una urefu gani?"
Kimya. Halafu mtandao, eti, ukakatika.

Sisemi tumemwamini Asekenye.
Tumeanza kumsikiliza, na hilo ni jambo jingine.
Mabati mapya yanalia usiku yakipoa.
Risiti yake, yenye sahihi iliyonyooka kama rula,
mama ameiweka ndani ya kofia ya baba.